Dishi na theluji: ulishushe chini, ulitie hita, au ulivalishe kifuniko?

Mtu aliyezoea madishi ya Nairobi akifika Minneapolis anaweza kudhani mafundi wa huko hawajui kazi. Nairobi, satelaiti ya DStv iliyo nyuzi 36 mashariki iko karibu kabisa juu ya utosi, kwa hiyo dishi hulala chali. Minneapolis, satelaiti za DirecTV, kampuni ya Marekani ya TV ya dishi, ziko upande wa kusini, kwenye kimo cha nyuzi 38 hivi juu ya upeo wa macho. Tena mkono unaobeba LNB, kile kifaa kidogo kinachopokea mawimbi yaliyokusanywa na dishi, umetokea kwenye ukingo wa chini, na dishi la namna hiyo hupokea mawimbi yanayotoka juu zaidi ya pale uso wake unapotazama. Kwa madishi mengi ya nyumbani tofauti hiyo ni nyuzi ishirini na kitu. Ndiyo maana dishi la Minneapolis husimama karibu wima.

Kwa mkazi wa nchi ya theluji hiyo ni bahati. Dishi lililolala chali lingejaa theluji usiku mmoja tu. Lililosimama hukamata theluji hasa kwenye nusu ya chini, pale linapopinda, na juu ya LNB yenyewe. Anchorage, Alaska, satelaiti ziko chini kiasi kwamba uso wa dishi huinamia ardhi, na theluji haipati pa kukaa. Kwa hiyo usumbufu mkubwa uko katika majimbo yaliyo kusini ya hapo: Minnesota, Wisconsin, Michigan, Iowa, Maine, na ng'ambo ya mpaka, Ontario na Quebec. Ni sehemu ambazo siku hizi utasikia Kiswahili cha Kongo, cha Kenya na cha Burundi dukani, na mwenye nyumba mpya huko hukutana na dishi lililoachwa paani na aliyemtangulia.

Mtu akiniuliza anunue nini, mimi kwanza humuuliza ni theluji gani inayomsumbua, na je, mkono wake unalifikia dishi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayochagua kifaa.

Si kila theluji inakata picha

Theluji kavu, ile ya nyuzi 15 chini ya sifuri inayopeperuka kama unga, haizuii mawimbi sana. Unaweza kukuta dishi limepakwa weupe wote na picha bado ni safi. Kinachokula mawimbi ni maji. Theluji inayoanguka wakati hewa iko karibu na sifuri ina maji ndani yake, inashikamana, na tabaka la sentimita chache linatosha kuandika "hakuna mawimbi" kwenye kioo.

Barafu yenyewe ina hila nyingine. Barafu safi hupitisha mawimbi ya satelaiti vizuri, ila huyachelewesha na kuyapinda. Urefu wa wimbi kwenye bendi ya Ku, ile ya gigahazi 12 hivi inayotumiwa na kampuni ya TV ya DISH, ni sentimita 2.5. Kwenye bendi ya Ka, ambayo DirecTV huitumia kwa chaneli zake nyingi za HD kutoka nyuzi 99 na 103 magharibi, ni kama sentimita 1.5. Kwa vipimo hivyo, milimita chache za barafu zilizoganda huku nene na huku nyembamba zinaharibu umbo la dishi. Mawimbi yanafika, yanaakisiwa, lakini hayakutani pale LNB ilipo. Ndiyo sababu mtu wa DirecTV anaweza kupoteza chaneli za HD huku zile zinazotoka nyuzi 101 kwa bendi ya Ku zikiendelea, na jirani yake wa DISH hajui kama kuna tatizo.

Halafu kuna kifuniko kidogo cha plastiki kilicho mbele ya LNB. Mawimbi yote yaliyokusanywa na dishi zima hupita kwenye kidirisha hicho. Ganda la theluji mbichi pale ni baya kuliko ganda hilohilo likiwa kwenye dishi, na watu wengi husafisha dishi wakaiacha LNB ilivyo.

Kabla ya kutoka nje na ufagio, jipe dakika chache. Picha ikikatika theluji nzito na mbichi inapoanguka, kisha ikarudi yenyewe inapopungua, tatizo lilikuwa angani na hakuna kifaa kitakachokusaidia. Picha ikiendelea kukosekana anga likiwa limetulia, tatizo liko kwenye dishi. King'amuzi chako kina ukurasa wa nguvu ya mawimbi. Andika namba zake siku ya jua, uzibandike karibu na TV. Bila hizo utakuwa unabahatisha kila mara.

Paani au chini

Hapa ndipo ningeweka fedha yangu ya kwanza, kabla ya hita, kabla ya kitu chochote. Dishi lililo paani huwezi kulihudumia Januari. Paa lina barafu usiyoiona, ngazi imesimama kwenye barafu, na mkono mmoja umeshika ufagio. Hakuna mechi yenye thamani hiyo. Dishi lililo kwenye mlingoti uani, usawa wa kifua chako, linasafishwa kwa dakika moja ukiwa na ndara za ndani na koti juu.

Wanaotetea paa wana hoja zao. Paani kuna upepo unaopeperusha theluji kavu, hakuna watoto wanaoligonga kwa mpira, na miti haizuii. Hoja ya miti ni ya kweli, nayo ina mtego: fundi akikupimia mawimbi Novemba, miti imeshapukutisha majani, atakuonyesha namba nzuri pale uani, kisha Mei majani yakirudi unapoteza kila kitu. Kinyume chake, tawi lililokuwa pembeni ya njia linaweza kulemewa na barafu likainama mbele ya dishi. Kwa hiyo uani pawe pana uwazi wa kweli upande wa kusini, si uwazi wa msimu.

Gharama ya kushuka chini ni shimo. Mlingoti ukisimikwa juujuu, udongo ukiganda huvimba na kuusukuma, na mlingoti ukiinama kidogo tu umepotea. Piga hesabu: dishi la upana wa sentimita 80 kwenye bendi ya Ka huona eneo la anga lisilofika hata nyuzi moja na nusu. Likisogea zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi moja, nusu ya nguvu ya mawimbi imekwenda. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka misingi ishuke inchi 42, yaani sentimita 107, kwa sehemu ya kusini ya jimbo pamoja na Minneapolis, na inchi 60, yaani sentimita 152, kwa sehemu ya kaskazini kama Duluth. Mlingoti wa dishi si nyumba, lakini udongo hautofautishi. Chimba kufikia kina hicho, mimina zege, hakikisha bomba limesimama wima kwa pima-maji, na kabla ya jembe la kwanza piga 811, namba ya Marekani nzima ya kuja kuwekewa alama za mabomba ya gesi na nyaya zilizofukiwa. Huduma hiyo hailipiwi.

Kati ya paa na uani kuna ukuta. Dishi chini ya upenu upande wa kusini linakingwa dhidi ya theluji inayoanguka wima na hupata jua la mchana. Shida yake ni paa lenyewe: theluji ikiporomoka kwa mkupuo, au vijiti vya barafu vikikatika kutoka kwenye mfereji wa paa, vinaangukia mkono wa LNB. Ukutani weka dishi kwenye ukuta wa pembeni ambako paa halimwagi, au usiweke kabisa.

Hita au kifuniko

Hita ya dishi ni kitambaa au utepe wenye nyaya za joto, unaobandikwa nyuma ya dishi na kuchomekwa kwenye soketi ya nje. Soketi hiyo iwe ya GFCI, ile inayokata umeme yenyewe ukivuja. Kwa nyumba za Marekani hilo ni sharti kwa soketi za nje. Kifuniko ni kitambaa laini kinachovutwa kikabana mbele ya dishi, na wengine hukifunika hadi LNB, ili theluji iteleze badala ya kushika. Bei ya hita ni mara kadhaa ya bei ya kifuniko, na hilo ndilo linalowafanya wengi waanze na kifuniko.

Kwa theluji ya kawaida ya Iowa au Minnesota, kavu na ya upepo, wanaoanza na kifuniko hawajakosea. Kitambaa kilichobana hutikisika, theluji haipati mshiko. Hakitumii umeme, hakina waya. Hata mfuko mweusi wa taka uliovutwa na kufungwa nyuma kwa kamba hufanya kazi kwa wiki chache, mpaka upepo uuchane. Haupendezi macho lakini picha haijali. Kasoro ya kifuniko huonekana kunapokuwa na maji. Mvua ikikilowesha, tabaka la maji hubaki mbele ya dishi zima, na unaweza kupoteza mawimbi siku ya manyunyu ambayo dishi tupu lingevumilia. Kwa mvua inayoganda ikigusa kitu, kifuniko hakina msaada: barafu hushika kitambaa kama inavyoshika chuma.

Mwenye kuishi Maine, Quebec, au pembeni ya Maziwa Makuu, ambako theluji huja mbichi na mvua ya kuganda ni ya kila mwaka, hita inamfaa zaidi. Lakini aielewe.

Kwanza, hita nyingi hujiwasha kwa kupima baridi, si kwa kuona theluji. Kidhibiti kikihisi nyuzi chache juu ya sifuri kinawasha, na Januari ya Minnesota haipandi hapo kwa majuma. Chukua hita ya wati 100: kwa siku inakula uniti 2.4, kwa mwezi 72. Kwa senti 16 kwa uniti, hiyo ni dola 11 na senti 50 hivi kila mwezi, na siku nyingi kati ya hizo hakuna theluji yoyote inayoanguka. Swichi ndani ya nyumba, au soketi inayowashwa kwa simu, inaokoa sehemu kubwa ya fedha hiyo.

Pili, na hili wauzaji hawalisemi, hita iliyowashwa ikiwa imechelewa inaharibu kwanza kabla ya kutengeneza. Umelala, usiku dishi limefunikwa na theluji kavu ambayo mawimbi yalikuwa yakipita. Asubuhi unawasha hita. Theluji inayogusa chuma inageuka uji wa maji, mawimbi yanakatika, na unakaa ukingoja mpaka bonge lote liporomoke. Washa dhoruba inapokaribia, dishi likiwa bado safi, au usiwashe kabisa mpaka umepiga ufagio.

Tatu, hita ya nyuma ya dishi haigusi LNB. Zipo seti zinazokuja na kipande kidogo cha kuizungushia; ukinunua, hakikisha kipande hicho kimo. Maji yanayoyeyuka juu hutiririka hadi ukingo wa chini na kuganda tena pale, kwa hiyo hata mwenye hita atahitaji kuondoa barafu ya ukingoni mara mojamoja.

Kuna wanaotumia nyaya za kuyeyushia barafu kwenye mifereji ya paa, wakizizungusha nyuma ya dishi wenyewe. Aina nyingi za nyaya hizo hazitakiwi kupishana juu ya nyenzake, kwa kuwa hupata moto pale zinapogusana. Kwenye duara dogo la dishi ni vigumu kuepuka hilo. Mimi nisingefanya.

Na umeme ukikatika? Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliangusha minara ya umeme Quebec na kuacha watu wengi gizani kwa wiki, hadi Maine na kaskazini mwa New York. Katika hali ya namna hiyo jenereta ndogo ina kazi za friji na tanuri la joto. Hita ya dishi ni kitu cha kwanza kuchomolewa. Kama eneo lako hupoteza umeme kila dhoruba, hesabu ya hita inabadilika.

Ufagio, maji, na vitu vya kupulizia

Ufagio laini wenye mpini mrefu unashinda vyote kwa bei, mradi unalifikia dishi. Vuta theluji kuelekea kwako kutoka juu kwenda chini, bila kusukuma. Usigonge dishi kwa kijiti wala usikwangue kwa koleo, kwa sababu ya ile nusu nyuzi tuliyoipigia hesabu.

Bastola ya maji ya kuchezea watoto, imejazwa maji ya uvuguvugu, ni mbinu ya zamani ya Wamarekani kwa madishi ya paani, nayo inafanya kazi kwa theluji iliyo karibu na kuyeyuka. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri maji hayohayo yanaganda kabla hayajatiririka, nawe umejitengenezea barafu. Maji ya moto usithubutu: plastiki ya LNB hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla, na ikiingia maji ndani umenunua nyingine. Chumvi nayo ibaki kwenye njia ya miguu, isiguse dishi.

Mafuta ya kupikia ya kupuliza, silikoni, nta ya gari: vyote vina mantiki moja, kufanya maji yaviringike na kudondoka badala ya kutanda. Nta ya gari ikipakwa vuli kwenye dishi safi hukaa muda mrefu kuliko mafuta ya jikoni, ambayo huondoka na dhoruba ya kwanza na kuacha uchafu unaonata. Silikoni kidogo kwenye uso wa LNB ni matumizi mazuri kuliko kupuliza dishi zima, ila soma kopo: zenye viyeyushi, kama vile vya kuchanganyia rangi, zinaharibu plastiki. Hakuna hata moja inayozuia mvua ya kuganda. Ni nyongeza tu.

Dishi la TV au Starlink

Wengine wanaokuja na swali la dishi hawataki TV hasa, wanataka intaneti ya shambani na vipindi vya nyumbani kwa YouTube, maana DStv na Azam hazifiki Amerika kwa dishi hata ukipanda mlima. Kwao Starlink, intaneti ya satelaiti, inaingia kwenye ulinganisho, na mambo mengi niliyosema yanageuka.

Antena ya Starlink ina kompyuta na redio zake ndani ya bamba lenyewe, na joto lake ndilo linaloyeyusha theluji. Kwenye programu yake ya simu kuna mpangilio wa kuyeyusha theluji: wa kujiendesha wenyewe, wa kupasha kabla, na wa kuzima. Kampuni inasema antena ya kawaida inamudu theluji ya hadi milimita 40 kwa saa. Chagua kupasha kabla pale unapotarajia theluji mbichi. Siku kavu rudisha kwenye kujiendesha, kwa kuwa hata bila joto la ziada antena hiyo hutumia wati 75 hadi 100.

Hii haihitaji mkono wako, kwa hiyo paani ni pake. Tena inahitaji anga pana, na Marekani kwa kawaida huelekezwa kaskazini, wakati dishi la TV linatazama kusini. Ukuta uliofaa lile haufai hii. Kuiweka chini uani ndilo kosa: theluji ikilundikana pembeni, maji yanayoyeyuka hayana pa kwenda, nayo inajikuta ndani ya kisima cha barafu. Iinuliwe juu kuliko theluji nzito kabisa uliyowahi kuiona hapo.

Mpangaji

Asiye na uani wala paa la kwake asikate tamaa. Marekani, kanuni ya FCC, tume ya serikali ya mawasiliano, ya mwaka 1996, iliyopanuliwa mwaka 1999 ili iwahusu na wapangaji, inamzuia mwenye nyumba kumkataza mpangaji kuweka dishi lisilozidi mita moja kwenye sehemu anayoitumia peke yake, kama baraza au roshani. Anaweza kukukataza kutoboa ukuta wa nje au kutumia paa la wote. Kwa hiyo roshani inayotazama kusini, stendi ya miguu mitatu na mifuko ya mchanga juu yake, vinatosha. Roshani ya jirani wa juu inakuwa upenu wako, na ufagio wa jikoni unalifikia dishi bila viatu. Hita hapo ni fedha ya kutupa.

Aliye na nyumba yake Maine na dishi paani, ashushe dishi kwanza, apitishe majira ya baridi mamoja kwa ufagio, kisha aamue hita kwa alichokiona. Aliye Iowa, kifuniko na nta. Kazi ya shimo ifanywe Septemba au Oktoba. Ukingoja Desemba jembe linadunda.